Mifumo ya Hospitali Kusomana Data: Maswali Tunayoulizwa Sana Lamu na Malindi

Ukurasa huu ni wa wenye zahanati, wasimamizi wa maabara, maafisa wa rekodi za afya na wauza dawa, kuanzia Kiunga hadi Watamu. Kila kituo kina mfumo wake, na kila mfumo una muuzaji anayeshindana na mwenzake. Mgonjwa hayamhusu hayo. Yeye anapanda boti Faza, anashuka Lamu, akizidiwa anapelekwa Malindi au Mombasa, na ana haki ya kukuta historia yake imetangulia.

Mifumo miwili "kusomana" ni kufanya nini hasa?

Kuna ngazi tatu, na wauzaji huzichanganya. Ya kwanza, faili imetoka kwa mmoja ikafika kwa mwingine bila kuharibika. Ya pili, mfumo unaopokea unatambua kwamba hapa ni jina, hapa ni tarehe, hapa ni dawa. Ya tatu, maana imebaki ileile: mzio wa penisilini ulioandikwa Mpeketoni unamfanya daktari wa Malindi aonywe na kompyuta yake anapotaka kuandika amoksilini, dawa ya jamii hiyohiyo ya penisilini.

Ripoti ya PDF iliyotumwa kwa barua pepe inaishia ngazi ya kwanza. Mtu ataisoma, lakini mfumo hauoni chochote ndani yake. Ukiambiwa "sisi tumeshaunganishwa", usibishane. Omba uonyeshwe onyo la mzio likitokea kwenye skrini ya upande wa pili.

Muuzaji anasema mfumo wake unatuma data KHIS. Si basi tumeunganishwa?

La. KHIS, mfumo wa taifa wa takwimu za afya, unaotumia programu ya DHIS2 na ulioenea nchi nzima tangu 2011, hupokea jumla: wagonjwa wa nje walio chini ya miaka mitano kwa fomu ya Wizara ya Afya ya MOH 705A, waliozidi umri huo kwa 705B, chanjo kwa 710. Ndani yake humkuti mgonjwa kwa jina lake. Kaunti inazihitaji takwimu hizo ili kupanga dawa na wahudumu, lakini haziwezi kumwambia daktari huyu mama aliyelala mbele yake anatumia dawa gani.

Kuna jambo moja la kuiga huko: kila kituo kinatambuliwa kwa nambari yake katika Orodha Kuu ya Vituo vya Afya. "Malindi Hospital", "Malindi SCH" na "Hosp. ya Malindi" ni vituo vitatu machoni pa kompyuta. Nambari ni moja. Itumieni hiyo katika kila ujumbe, jina liwe la kusomwa na watu tu.

HL7 na FHIR ni programu za kununua?

Hizo ni kanuni za kuandika ujumbe. Shirika la HL7 lilianzishwa Marekani mwaka 1987, na toleo lake la pili la ujumbe, lile la mistari iliyogawanywa kwa alama ya |, bado ndilo linalotoka kwenye mashine nyingi za maabara. FHIR ni kizazi kipya. Toleo la R4, lililotoka 2019, ndilo mtakaloahidiwa mara nyingi. Data zinagawanywa vipande vyenye majina maalumu: Patient kwa mgonjwa, Encounter kwa ziara yake, Observation kwa majibu ya vipimo, AllergyIntolerance kwa mzio.

Neno FHIR kwenye kipeperushi cha muuzaji halikuhakikishii kitu. Kanuni ya msingi imeacha karibu kila sehemu iwe ya hiari. Hata Patient isiyo na jina wala tarehe ya kuzaliwa inakubalika. Mifumo miwili inaweza kuifuata FHIR kikamilifu na bado isielewane, mmoja akiweka kijiji kwenye anwani na mwingine akikiweka kwenye maelezo ya ziada. Kwa hiyo pande zote mbili zikae zikubaliane kwa maandishi: sehemu zipi ni za lazima, kila moja inaandikwaje, na misimbo ya orodha gani inatumika. Kurasa nne au tano zinatosha. Bila kurasa hizo mradi huenda vizuri siku ya maonyesho, ukakwama mwezi unaofuata.

Kwa nini mgonjwa mmoja anatokea kama watu watatu?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote kwetu, na chanzo chake ni majina.

Lamu mtu huitwa kwa jina lake, la baba na la babu. Karani mmoja huandika Mohamed, mwingine Muhammad, wa tatu Mohamedi. Fatma anakuwa Fatuma. Khadija anakuwa Hadija. Aisha nyumbani anaitwa Esha, na ndivyo atakavyojitaja dirishani. Upande wa Malindi, kwa Wagiriama, mtoto hurithi jina la babu au la bibi, hivyo Kazungu Karisa na Karisa Kazungu wanaweza kuwa baba na mwana wanaolala nyumba moja. Mfumo unaodhani neno la mwisho ni jina la ukoo, na unaowatafuta watu kwa hilo la mwisho, utawavuruga wote wawili.

Wauzaji wengi hutumia Soundex, njia ya kulinganisha majina kwa sauti iliyosajiliwa Marekani mwaka 1918. Inafanya kazi nusu. Kila jina hupewa msimbo: Mohamed na Muhammad zote zinatoa M530, Fatma na Fatuma zote F350. Ila njia hii huishikilia herufi ya kwanza, kwa hiyo Khadija ni K320 na Hadija ni H320, na hawatakutana kamwe. Aisha na Asha, ambao mara nyingine ni watu wawili kabisa, wanapewa A200 wote. Esha anakwenda E200.

Tunashauri hivi. Majina yaandikwe katika sehemu tatu zilizotengana: lake, la baba, la babu. Ongezeni jina la mama, kwa sababu ndilo linalowatenganisha watu wenye majina matatu yanayofanana. Tengenezeni orodha yenu ya majina yanayohesabiwa kuwa moja, Khadija na Hadija, Aisha na Esha, na mfumo uitazame kabla ya kwenda kwenye Soundex. Mwaka wa kuzaliwa upewe nafasi ya kupishana miaka miwili, kwa maana wazee wengi hukadiriwa. Tarehe ya 1 Januari isihesabiwe kama ushahidi wa kufanana. Ndiyo inayojazwa pale mtu asipoijua tarehe yake.

Kisha matokeo yagawanywe mafungu matatu: ni yuleyule, siye, na wa kuangaliwa na mtu. Fungu la tatu lipewe mhudumu wa kulimaliza kila siku. Mfumo usiunganishe faili mbili peke yake bila njia ya kuzitenganisha tena. Rekodi mbili za mtu mmoja ni usumbufu. Rekodi moja ya watu wawili ni hatari, maana kundi la damu la huyu litasomwa kwa yule.

Si tutumie nambari ya kitambulisho yaishe?

Itumieni, lakini isiwe peke yake. Mtoto hana kitambulisho, na wapo watu wazima ambao hawajakipata. Simu ni mbaya zaidi, kwani nambari moja hutumiwa na nyumba nzima, na laini hubadilishwa. Weka nambari zote alizonazo mtu, na kila moja iandikwe ilitolewa na nani: kitambulisho cha taifa, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), nambari ya faili ya kituo chenu. Nambari 4471 ya zahanati moja na 4471 ya nyingine ni watu tofauti, na mfumo ujue hivyo. Simu zote ziandikwe kwa muundo mmoja wa +254, bila nafasi katikati.

Majibu ya maabara yamefika, lakini tarakimu zina maana nyingine. Nini kimetokea?

Uniti zimepotea njiani. Mashine moja ya sukari husoma kwa mmol/L, nyingine kwa mg/dL, na tofauti yake ni mara 18. Sukari ya 7.0 mmol/L ni sawa na 126 mg/dL. Sasa fikiria 18 mmol/L, sukari iliyopanda vibaya sana, imefika Malindi ikiwa "18" tupu, na mfumo wa huko umezoea mg/dL. Muuguzi ataona sukari iliyoshuka hadi hatari ya kifo, na atakimbilia kumwongezea mgonjwa glukosi. Kreatinini nayo: 106 kwa µmol/L ni 1.2 kwa mg/dL, gawanya kwa 88.4. Himoglobini 11.5 g/dL ni 115 g/L.

Kanuni zetu hapa hatuzilegezi. Jibu lisilo na uniti likataliwe mlangoni, lirudi kwa aliyelituma. Uniti isikisiwe kwa kutazama ukubwa wa tarakimu. Mfumo ukibadilisha uniti, uhifadhi na jibu la awali kama lilivyotoka kwenye mashine. Na kipimo kitambulishwe kwa msimbo wa LOINC, orodha iliyoanzishwa na Regenstrief Institute mwaka 1994, kwa sababu inatenganisha hata haya: glukosi ya seramu au plazima kwa mg/dL ni 2345-7, kwa mmol/L ni 14749-6. Maabara ndogo haina haja ya kuupitia mlima wa misimbo. Andikeni vipimo mnavyofanya kweli, tafuteni msimbo wa kila kimoja, na mtaalamu wa maabara, siyo fundi wa kompyuta, aupitie kila mstari na kutia sahihi.

Na misimbo ya magonjwa? Sisi tuko ICD-10, wenzetu ICD-11.

ICD ni orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa. ICD-11 ilianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, na mifumo mingi bado iko katikati. Malaria ya falciparum ni B50 katika ICD-10, 1F40 katika ICD-11. Presha ni I10 na BA00. Kisukari cha aina ya pili ni E11 na 5A11. Tumeni msimbo pamoja na jina la orodha yake na maneno ya daktari mwenyewe. Msimbo ukipotea njia, maneno yatamwokoa msomaji.

Dawa inaonekana imetolewa usiku wa manane wakati mgonjwa alipewa asubuhi. Kwa nini?

Kwa sababu mhudumu ameandika saa kama anavyoitamka. Saa mbili asubuhi ameiingiza 2:00, na kompyuta ikaelewa saa nane za usiku. Pengo ni saa sita daima, na hilo linasaidia kulinasa: ukikuta dozi nyingi za saa 2:00 na hakuna za saa 8:00, umelipata tatizo. Dawa yake ni kwenye skrini. Mfumo ujaze saa wenyewe, na pale mtu anapolazimika kuandika, aone mbele ya tarakimu neno alfajiri, asubuhi, mchana au usiku kabla ya kuhifadhi.

Siku nayo ina mtego wake. Mwambao mzima, usiku hutangulia mchana wake, na mama akisema amejifungua usiku wa Ijumaa huenda ni Alhamisi baada ya magharibi. Muulize: kuamkia siku gani?

Mtego wa tatu unatoka kwenye seva. Mifumo mingi huhifadhi saa ya UTC, saa ya kimataifa, ambayo Kenya imeitangulia kwa saa tatu. Mtoto aliyezaliwa 2025-03-05 saa 01:30 anahifadhiwa kama 2025-03-04 saa 22:30, na mfumo wa pili ukichukua tarehe tu bila saa, tayari amezaliwa jana yake. Kila saa inayotumwa iambatane na +03:00. Tarehe ya kuzaliwa isiyo na saa ibaki tarehe tu, isigeuzwe kamwe.

Tunabadilishana kwa Excel kwa sasa. Kuna ubaya?

Kama daraja la muda, sawa. Kama njia ya kudumu, hapana. Oktoba 2020 Uingereza iligundua kwamba visa 15,841 vya Korona vilikuwa vimeachwa nje ya hesabu kwa sababu data zilipitishwa kwenye faili za muundo wa zamani wa .xls, ambao hauzidi mistari 65,536. Watu waliokutana na wagonjwa hao walichelewa kufuatiliwa.

Matatizo ya kila siku ni madogo kuliko hayo, lakini hayaishi. Ukibofya mara mbili faili ya CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, sifuri ya mwanzo ya 0712 inapotea, na nambari ndefu inageuzwa kuwa kitu kama 2.54E+11. Tarehe 03/04/2025 inasomwa Aprili na mmoja, Machi na mwingine. Jina kama Mwang'ombe, likiandikwa kwa ritifaa iliyopinda (’), linafika limejaa alama za ajabu pale kwenye ng' kwa sababu upande mmoja haukutumia UTF-8, mpangilio wa kuhifadhi herufi.

Fanya hivi: fungua Excel kwanza ikiwa tupu, ingia menyu ya Data, leta faili ya CSV kutoka hapo, chagua UTF-8, kisha safu za simu, vitambulisho na tarehe uziweke kuwa maandishi kabla ya kupakia. Tarehe ziandikwe mwaka-mwezi-siku. Dalili ya kuangalia: tarehe za siku ya 13 kwenda juu zikikaa kushoto mwa kisanduku na nyingine kulia, kompyuta hiyo inasoma kwa mpangilio wa Marekani, na zile za kulia zote zimeshapinduliwa. Usiihifadhi. Ifunge uanze upya.

Mtandao visiwani hukatika. Ujumbe utapotea?

Hautapotea kama mfumo una foleni. Ujumbe unahifadhiwa kwanza kwenye kompyuta ya kituo, unatumwa mtandao ukirudi, na hauondolewi kwenye foleni mpaka upande wa pili ujibu kwamba umepokea na kuhifadhi.

Hitilafu ya kawaida ni hii: ujumbe umefika salama, mtandao umekatika kabla ya jibu kurudi, mtumaji akatuma tena. Mtoto mmoja, chanjo moja, rekodi mbili. Kinga yake ni kila ujumbe kuzaliwa na nambari yake ya kipekee, isiyobadilika hata utumwe mara kumi, na mpokeaji akiiona tena ajibu "ninao tayari" bila kuandika upya. Mjaribu muuzaji mbele yako: chomoa waya wa mtandao katikati ya kutuma, urudishe, kisha hesabu rekodi upande wa pili.

Muuzaji wetu wa zamani hataki kutupa data. Ana haki?

Data za wagonjwa si mali ya muuzaji. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kituo ndicho mdhibiti, muuzaji ni mchakataji anayefuata maagizo ya kituo, na sheria inataka pawe na mkataba wa maandishi kati yao. Mgonjwa naye ana haki, kwa kifungu cha 38, ya kupata data zake katika muundo unaosomeka na mashine, na ombi lake litekelezwe ndani ya siku 30.

Lakini haki bila mkataba ulioandikwa vizuri huchukua muda mrefu kupatikana, na zahanati haiwezi kusubiri. Kabla ya kutia sahihi mfumo wowote, hakikisheni mkataba unasema: nakala nzima ya data itatolewa mkiiomba, pamoja na picha na viambatisho, katika muundo ulio wazi, ikiwa na kamusi inayoeleza kila safu ni nini, ndani ya siku zilizotajwa, bei ikiwa imetajwa sasa. Halafu ombeni nakala hiyo kila mwaka mkiwa bado marafiki. Muuzaji anayeshindwa kuitoa leo hataiweza siku mnayoachana.

Tukihama, tuanze na nini?

Na hesabu. Wagonjwa wangapi, ziara ngapi, majibu ya maabara mangapi, mizio mingapi, mwaka kwa mwaka, katika mfumo wa zamani. Hamisheni kwenye mfumo mpya wa majaribio na mhesabu tena. Tofauti yoyote ielezwe kwa sababu, hata ikiwa ni rekodi tatu.

Baada ya hapo chagueni faili 50 kwa mkono: mapacha, mtoto asiye na jina bado, mzee asiyejua mwaka wake, mama mwenye ziara nyingi, mgonjwa aliyefariki, mtu mwenye mizio mitatu. Muuguzi azilinganishe skrini kwa skrini. Kinachopotea mara nyingi ni yale yaliyoandikwa kwenye kisanduku cha maelezo, na huko ndiko wahudumu wetu huandika mzio. Mfumo wa zamani ubaki ukisomeka, bila kuandikwa, kwa angalau mwaka mzima.

Je, kaunti nzima ikitumia mfumo mmoja tatizo si litakwisha?

Halitakwisha. Mgonjwa wa Lamu anatibiwa Malindi, iliyo kaunti ya Kilifi, na Mombasa. Daima kutakuwa na mpaka. Tena mfumo mmoja usio na mshindani hupandisha bei na kuchelewa kurekebishwa.

Nani aone nini?

Katika mji mdogo kila mtu ni jamaa ya mwingine, na karani wa dirishani anaweza kuwa shemeji wa mgonjwa. Siri ikitoka hapa hairudi. Kila mtumiaji awe na akaunti yake, paswadi ya pamoja ya zamu ipigwe marufuku, na mfumo uandike nani alifungua faili gani na saa ngapi. Taarifa za virusi vya UKIMWI, afya ya akili na ukatili wa kijinsia zisisafiri pamoja na barua ya rufaa ya kawaida ila pale tiba inapozihitaji. Data zikivuja na kukawa na hatari ya kweli kwa wahusika, Kamishna wa Ulinzi wa Data ajulishwe ndani ya saa 72.

Hatuna bajeti. Tufanye nini mwezi huu?

Anzeni na mambo matatu: mzio, dawa anazotumia sasa, na magonjwa aliyonayo. Hata muhtasari wa kimataifa wa mgonjwa unayafanya hayo matatu kuwa sehemu za lazima. Yaandikwe kwenye karatasi ya rufaa kwa maneno, na chini yake yawekwe katika msimbo wa QR ambao kituo cha pili kitausoma kwa simu bila intaneti. QR hubeba hadi baiti 2,953 kwa ukubwa wake wa mwisho na kiwango cha chini kabisa cha kusahihisha makosa, lakini msiujaze; alama zikiwa ndogo mno simu za kawaida hushindwa kuusoma. Chagueni kiwango cha H cha kusahihisha makosa, kinachovumilia karibu asilimia 30 ya msimbo kuharibika, kwa sababu karatasi itavuka maji. Uchapishwe kwa upana wa sentimita nne au zaidi. Na kwa kuwa yeyote mwenye simu anaweza kuusoma, yale ya siri tuliyoyataja juu yasiwekwe humo.